Herufi za mbao za kupigia chapa kwa CNC: zinatoka na mabaka, nakosea wapi?

SeremalaKeko
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa anayejua uchapaji wa zamani. Nina karakana ndogo Keko, natengeneza milango na vitanda, nina CNC, ile mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ya kuchongea maua ya milango. Kuna mzee ana mashine ya kuchapa ya mkono, kaitunza miaka na miaka, ila herufi zake kubwa za mbao zimeliwa na mchwa, zilizobaki hazitimizi hata alfabeti moja. Tumekubaliana nimchongee mpya, kimo cha herufi sentimita 6 kwenye karatasi, tupige mabango ya misemo ya kanga.

Nimetumia mninga mkavu kabisa, biti (kisu kinachozunguka) ya milimita 3, kina milimita 2, nimegeuza kama kwenye kioo, kila herufi nimetoa mbili. Jana tukapiga neno KARIBU. R na B zimetoka nyeusi vizuri, A ina baka jeupe katikati, U imegusa karatasi kwa shida, na mguu wa K umenyofoka kabla hata ya wino. Halafu kona za ndani zote zimekuwa duara. Mzee hakusema kitu, alishika ile U akawa anaipapasa tu na kidole gumba, mpaka leo inaniuma. Nataka nimtengenezee kitu cha maana.

chapa_nairobi
Sasa bro, hapo shida ya kwanza ni height. Mimi kazi yangu ni Heidelberg ya zamani, mashine ya kuchapa ya Mjerumani, siku hizi tunaipigia namba na kutobolea vitabu vya risiti, lakini sheria ni ile ile. Kutoka chini ya herufi mpaka usoni, mashine zilizokuja na vipimo vya Uingereza na Marekani zinataka inchi 0.918, yaani milimita 23.317. Ujerumani na Ufaransa walikuwa na yao, kama 23.56. Hio tofauti ni kama karatasi mbili na nusu za fotokopi na kwa chapa ni nyingi sana. Usikisie, muulize mzee kama ako na herufi yoyote ya risasi (ile metali ya kuchapia) ambayo haijachakaa, uipime na venia, kile kipimo cha kubana, hio ndio itakwambia.

Pili, niambie zero ya Z, pale mashine inaanza kuhesabu juu na chini, unaweka wapi? Nabet unagusisha biti juu ya mbao venye mnafanya kwa milango. Mlango hakuna mtu anapima unene wake, lakini hapa ukianzia juu kila kipande kinabaki na unene wake wa kuzaliwa. Sawazisha kwanza meza ya mashine na biti pana, weka zero kwa meza, sawazisha mgongo wa mbao, geuza, halafu shukisha uso mpaka 23.3 na uchonge herufi hapo hapo bila kufungua mbao. Ikibaki chini kidogo si mbaya, unabandika kipande cha karatasi mgongoni, wachapaji wamefanya hivyo tangu zamani. Ikizidi inatoboa karatasi na inaumiza rola ya wino.

Na 2 mm ni sawa ndani ya A na R, lakini pale pako wazi sana enda 3, ama rola itashuka iache wino chini.

Mwana wa Mtwara
Mkuu Keko, huo mguu wa K umenyofoka kwa sababu umelaza mbao. Angalia gogo la buchani, nyuzi zimesimama, mtu anapiga shoka asubuhi mpaka jioni na halipasuki. Herufi za kuchapia ndivyo zilivyo, uso wa herufi ni kichwa cha mti, pale nyuzi zinapoishia, sio ubavu. Kata mninga wako vipande kama unakata mkate, ukausha taratibu kivulini maana vipande vya hivyo ukiviweka juani vinapasuka kama nyota, ndio uviunganishe na gundi.

Mninga ni mzuri kwa kuwa ukishakauka hauchezi sana, ila una vitundu na kwenye wino vitaonekana kama vidoti vyeupe. Kwa sentimita 6 sio mbaya. Siku ukitaka herufi ndogo tafuta mpingo, pale Mwenge kwa wachongaji waombe mabaki, herufi haihitaji kipande kikubwa. Mpingo ni mzito mpaka unazama majini, utachonga taratibu sana na biti itaisha haraka, lakini ukingo wake unabaki mkali. Vaa barakoa, vumbi lake halifai kifuani.

Kona za duara usiilaumu mashine, biti ni duara itatoaje pembe? Tumia biti ya V ya digrii 60, programu inaipandisha ikifika konani, panapobaki malizia na kisu chenye makali.

bibi_wa_Milwaukee
Nimefurahi sana kuona uzi huu wanangu. Nipo Marekani huku Wisconsin, mwendo wa gari kutoka kwangu kuna mji unaitwa Two Rivers, ndipo kilipokuwa kiwanda cha Hamilton kilichoanza herufi za mbao mwaka 1880, sasa ni makumbusho na wanachapa mpaka leo. Wanatumia mti wa mepo, na kweli uso wa herufi ni kichwa cha mti kama alivyosema Mwana wa Mtwara. Na hizo kona wala hazikuanza na CNC. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuchonga kwa ruta, mashine ya kisu kinachozunguka, 1834 William Leavenworth akaiunganisha na pantografu, mkono unafuata herufi ya mfano huku kisu kinachonga nyingine, nayo ilikuwa inaacha kona duara na kulikuwa na watu kazi yao kuzimalizia kwa kisu.

Lakini mwanangu Keko hujauliza kitu kimoja na ndicho kitakukwamisha. Umetoa kila herufi mbili. Hesabu HARAKA HARAKA HAINA BARAKA, herufi 23, na A peke yake ni 11! Seti za kizungu zimejaa E na T, sisi tunataka A tele, halafu I, U, K, N, M, W. Na usisahau kile kidoto cha NG'OMBE. Jambo jingine, W na A zikikaa jirani zinaacha pengo kubwa katikati, Y na A hivyo hivyo, wachapaji wa zamani walikuwa wanakata ubavu wa herufi kwa msumeno zisogeleane. Na Kiswahili bila WA na YA unasemaje? Wewe una mashine, zichonge YA kipande kimoja na WA kipande kimoja.

SeremalaKeko
Shikamoo bibi, na asanteni sana wakuu. Zero ilikuwa juu ya mbao kweli, chapa_nairobi umeniona. Mzee alikuwa na herufi ya risasi moja kwenye kopo, M, venia imesoma 23.32. Nimepima zangu, U ni 22.9, B ni 23.3. Mninga nimeshaukata vipande upo kivulini, nikingoja ukauke nimejaribu YA ya kipande kimoja kwenye kichwa cha mti wa mkongo niliokuwa nao, sijaunganisha chochote. Imetoka nyeusi yote mpaka ukingoni, mzee kaibandika karatasi yake ukutani. Swali moja, nizipake sila, ile ya kuziba vitundu vya mbao? Na wino nasafishia nini?

chapa_nairobi
Paka sila nyepesi mara mbili na upitishe msasa laini, lakini usiguse uso sana utapunguza height. Kusafisha tumia kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo tu, thina itayeyusha hio sila, na maji usijaribu kabisa, mbao itavimba.