Kuonana na wadhibiti wa serikali kabla ya kupeleka maombi ya utafiti

Mratibu, Mbarara
Salaam, ndugu zangu. Shirika letu linajiandaa kwa jaribio la dawa ya malaria kwa watoto. Mkurugenzi anashikilia kwamba tusionane na maafisa wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya Uganda mpaka maombi ya kibali yakamilike, kwa kuwa kuwaendea mapema kutaonekana ni kutafuta upendeleo. Wenye uzoefu mnasemaje, na ni nani katika shirika anayefaa kuzungumza nao?

Mtafiti, Entebbe
Ndugu Mratibu, hofu ya mkurugenzi ina msingi, ila kuuliza kinachotakiwa si sawa na kuomba mpitishwe. Kumbuka Ebola ya aina ya Sudan hapa kwetu Uganda. Mwaka 2022 mlipuko ulitangazwa tarehe 20 Septemba, na dozi za kwanza za chanjo ya majaribio zikafika Desemba, mgonjwa wa mwisho akiwa amekwisha kurudi nyumbani, hivyo hapakuwa tena na watu wa kuwafanyia jaribio. Mlipuko mwingine ulipotangazwa tarehe 30 Januari 2025, jaribio la chanjo lilianza tarehe 3 Februari, yaani baada ya siku 4 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya maandalizi, pamoja na mazungumzo na wadhibiti, ilikwisha kufanyika wakati wa utulivu.

Mjumbe wa zamani wa kamati ya maadili
Nakubaliana na Mtafiti. Kwa jaribio la dawa mtapita kwanza katika kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1990, na Mamlaka ya Dawa, ambayo ndiyo pia inayotoa kibali cha kuingiza dawa ya utafiti nchini. Kilichotuchosha kamatini hakikuwa sayansi mbovu, bali itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, iliyorekebishwa kwa ombi la ofisi moja bila nyingine kuarifiwa, hata tukajikuta tunajadili toleo ambalo watafiti wenyewe walikwisha kuliacha. Tulichoka pia na fomu za ridhaa zilizotafsiriwa kwa Kinyankole neno kwa neno, ambazo mama mwenye mtoto mgonjwa asingezielewa.

Kuhusu msemaji, teueni mtu mmoja anayeijua itifaki nzima, na kila kikao kiwe na kumbukumbu zinazotumwa kwa pande zote mbili. Ada zilipwe benki kwa risiti. Afisa asipewe posho wala mafuta ya gari, hata kama desturi imezoeleka, kwani hapo ndipo ile hofu ya mkurugenzi inapokuwa kweli.

Mhudumu wa afya, Kasese
Wilaya mmeisahau, kama kawaida. Mtafiti hufika na barua zenye mihuri ya Kampala, kumbe afisa afya wa wilaya hana habari, naye ndiye anayeulizwa kwanza uvumi unapoenea kwamba damu ya watoto inauzwa.

Mratibu, Mbarara
Asanteni sana. Kikao cha ushauri nitakiomba kwa maandishi, na wilayani nitakwenda mwenyewe. Je, sampuli zitakazopimwa nje ya nchi zinahitaji kibali kingine?

Mjumbe wa zamani wa kamati ya maadili
Naam. Andaeni mkataba wa kuhamisha sampuli, nao hupitia Baraza. Utajeni katika itifaki tangu mwanzo, pamoja na katika fomu ya ridhaa, ili msilazimike kurudi kwa wazazi kuomba ridhaa upya.