Jumatatu Nyeusi za 2019: mwenye mzigo aliumia wapi hasa?

BintiKongowea: Jamani wa bandarini, nisaidieni. Naandaa mada ya baraza la vijana kuhusu Jumatatu Nyeusi, yale maandamano ya 2019 hapa Mombasa ya kupinga mizigo kulazimishwa kupanda SGR, ile reli mpya ya Nairobi. Kila ninayemuuliza ananijibu "SGR ilitumaliza", basi. Kwani treni si rahisi kuliko lori? Na ajira zilipotea vipi ilhali meli zilizidi kutia nanga?

MzeeWaForodha: Usitazame nauli ya treni peke yake, binti. Lori likitoka lango la Kilindini linakwenda hadi mlangoni pa godauni, na kontena tupu linarudi na lori lilo hilo. Agizo la tarehe 3 Agosti 2019 lilitaka mizigo yote ya Nairobi na bara ipande SGR na itolewe forodha Embakasi, kwenye bandari kavu ya Nairobi. Hapo unalipa nauli, unalipa kunyanyuliwa kontena, unakodi lori la pili hata godauni likiwa Industrial Area, kisha tupu lirudishwe depo aliyoitaja mwenye meli, mara nyingi huku huku Mombasa. Siku za bure za kukaa yadini kwa mzigo wa humu nchini zilikuwa nne. Yadi ikijaa, au karatasi moja ya ukaguzi ikikwama, storeji, yaani ada ya kukaa yadini, inaanza, na kampuni ya meli nayo inahesabu faini ya kontena lake. Ni teksi mbili zinakungoja, mita zote zinazunguka.

Na ushuru wa reli je? Ulianza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo, upande treni usipande.

Utingo_Mariakani: Meli zilikuja, kazi ikahama. Zamani kontena lilipita CFS, yadi za kufungulia makontena nje ya bandari, za Changamwe na Miritini: karani, wakala, wapakuzi, mlinzi, kila mtu anapata chake. La treni linashuka melini linapanda behewa, kwaheri. Dereva na utingo wengi riziki yao ni safari. Bila safari hakuna posho. Wafuate chini yao fundi wa tairi wa Jomvu, vibanda vya Mazeras, lojingi za Mtito Andei.

Aliyeanguka kwanza ni mwenye lori moja au mawili ya mkopo. Benki haingoji mzigo. Marejesho yakikatika, madalali hao. Wenye malori mengi waliweza kuyapeleka Embakasi wakafanya ile safari fupi ya kutoka treni hadi godauni. Kwa hivyo anayesema yalikuwa maandamano ya matajiri wa malori hajui anachosema.

Wakili_Mvita: Mzizi ni mkataba wa 2014: Bandari iliwaahidi Shirika la Reli kiwango cha chini cha mzigo, ukipungua Bandari inafidia. Nyuma yake kuna mkopo wa kujenga reli wa Exim Bank ya China. Ukishatia saini kitu kama hicho, mteja kuchagua lori kunakuwa hasara kwako, basi unamlazimisha. Mahakama Kuu hapa Mombasa ililibatilisha agizo tarehe 6 Novemba 2020 kwa kuwa umma haukushirikishwa, ila ikaisimamisha hukumu yake siku 180. Kazi ya forodha ilitangazwa kurudi Mombasa Septemba 2022.

Ukitaka nyaraka, andika barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Taja hati yenyewe, mwaka na pande zilizotia saini. Ukiandika "taarifa zote za SGR" watakuzungusha. Ofisi ina siku 21. Wakikataa, una siku 30 kwenda Tume ya Haki ya Utawala. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, la sivyo huwezi kuthibitisha siku zimeanza lini.

BintiKongowea: Shukran sana. Na kama hati ya shehena (bill of lading) imeandikwa kuwa mzigo unaishia Mombasa, treni ilikuwa na haki gani?

MzeeWaForodha: Hapo ndipo palipouma. Ikiandikwa Embakasi, mwenye meli anabeba jukumu mpaka huko. Ikiandikwa Mombasa, jukumu lake linakoma Kilindini na msafirishaji unachagua mwenyewe. Agizo lilifuta uchaguzi huo. Tafuta hati mbili, moja ya kila aina, ulinganishe sehemu ya mahali pa kufikishia mzigo.