Mdhamini "atajitwika" deni: naomba ushauri wa lugha kabla ya kurekebisha katiba ya kikundi

Katibu_Busia

Habari zenu wapendwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Busia, upande wa Uganda. Tuko wauza nyanya, dagaa na mitumba: Wasamia, Waganda, Wateso, Wanubi wawili, na wenzetu wachache wanaovuka asubuhi kutoka upande wa Kenya. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, ndiyo maana katiba yetu tuliiandika kwa Kiswahili.

Kifungu cha mdhamini kinasema: "Mkopaji akishindwa kulipa, mdhamini atajitwika deni lake." Juzi mkopaji mmoja amefunga kibanda akaondoka, simu haipatikani. Tulipomwita mdhamini wake, mama mmoja wa heshima zake, alisimama mbele ya mkutano akasema: "Mimi sikujitwika kitu. Nyinyi ndio mnanitwika." Mkutano ukagawanyika hapohapo. Wengine wanasema alitia sahihi, basi kajitwika. Wengine wanasema kujitwika ni hiari, hakuna wa kumlazimisha mtu ajitwike.

Sitaki tumdhulumu mama wa watu, na sitaki akiba za wanachama zipotee. Jumapili tunakaa kurekebisha katiba. Neno hili lina maana gani hasa, na tuandike nini?

Mwalimu_Tororo

Dada Katibu, pole na majukumu. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani au begani. Wengi tunafikiria kichwa tu, lakini hata Biblia, Mathayo 23, inazungumzia mizigo mizito ambayo watu wanatwikwa mabegani. Kujitwika ni kujiwekea mwenyewe. Hiyo -ji- inarudisha tendo kwa mtendaji, kwa hiyo wanaosema kuna hiari ndani yake wana hoja. Ukisema fulani katwikwa, tunajua mzigo anao, lakini mkono uliouweka ni wa mwingine.

Ila kasoro kubwa ya kifungu chenu mimi siioni kwenye -ji-. Naiona kwenye -ta-. "Atajitwika" maana yake bado hajajitwika. Mmeandika kwamba siku mkopaji akishindwa, ndipo mdhamini atakapoinama auchukue mzigo. Sasa siku hiyo imefika, naye hakuinama. Mnashika nini? Sentensi yenu inatabiri tu, haimfungi mtu. Mama huyo anaposema "sikujitwika", kwa maneno ya katiba yenu hasemi uongo.

Mstaafu_Bombo

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa tusimlainishie mtu. Sahihi ni sahihi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo wadhamini wengi wanavyotia sahihi: wanaona wepesi kwa sababu wanajua ni wa mwenzao. Wenye akiba yao nani atawalilia?

Nakubali neno halifai, kwa sababu nyingine. Kujitwika mara nyingi tunalitumia kwa mtu aliyejichukulia asichopewa. "Amejitwika ukubwa," "amejitwika madaraka." Hayo ni malalamiko. Huwezi kuweka kwenye katiba neno ambalo mtaani ni lawama.

Mbeba_Mizigo_Owino

Niruhusuni wakubwa. Mimi kazi yangu ni kubeba mizigo hapa soko la Owino, Kampala. Gunia lililojaa mahindi huliweki kichwani peke yako. Unachuchumaa, unaweka ngata, unamwambia mwenzako "nitwike." Anashika pembe mbili, unashika chini, mnahesabu, unasimama nalo. Hapo nimetwikwa na hakuna aliyenionea, niliomba mwenyewe. Kwa hiyo tusiseme kila aliyetwikwa kalazimishwa.

Ugomvi kwetu unakuja pale mtu anapotwikwa kitu asichokipima. Kabla sijachuchumaa, nalisukuma gunia kwa mguu nijue uzito wake. Sasa nauliza, Mama Katibu: huyo mama siku anatia sahihi alijua deni ni shilingi ngapi?

Katibu_Busia

Kaka, swali lako limenigusa. Nimeifungua fomu sasa hivi. Kiasi cha mkopo kiko ukurasa wa mkopaji. Ukurasa wa mdhamini una jina, sahihi na tarehe, basi.

Mbeba_Mizigo_Owino

Basi alifumbwa macho akawekewa.

Nnalongo_Mukono

Kwa wanachama wenu Waganda, jambo hili litaeleweka haraka. Luganda tunasema okutikka, kumtwika mwenzio, na okwetikka, kujitwika. Lakini tunalo na la tatu, okutikkula: kumpokea aliyebeba, ashushe. Kiswahili nacho kina kutua. Majirani zetu wa Tanzania serikali yao ilipoleta mpango wa maji vijijini ilisema inataka kumtua mama ndoo kichwani. Kila mtu alielewa.

Katiba yenu, Dada, inajua kutwika tu. Mdhamini anatuliwa lini? Mkopaji akirudi na nusu ya fedha, mdhamini anapunguziwa? Akilipa yote yeye, ana haki ya kumdai mkopaji? Andikeni hayo. Mtu akijua atashushia wapi, anakubali kuubeba mzigo bila woga.

Mwalimu_Tororo

Nnalongo umesema kitu ambacho mimi nilikuwa sijakifikia. Nakubaliana na Mstaafu pia kwamba kwenye kifungu chenyewe litumike neno la wajibu. "Kubeba deni" linaeleweka lakini ni legelege. Andikeni "atawajibika kulipa", halafu neno kujitwika mlihamishie kwenye tamko la mdhamini, kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo, alisome kwa sauti kabla ya sahihi. Hapo -ji- inafanya kazi yake, maana anayesema ni yeye.

Tahadhari moja ndogo: msiandike "kujitweka". Kutweka ni kupandisha, kama bendera au tanga.

Katibu_Busia

Nimejaribu hivi, mnirekebishe:

"Mkopaji akishindwa kulipa, mdhamini atawajibika kulipa kiasi kilichobaki, kisichozidi kiasi kilichoandikwa kwenye tamko lake. Atakapomaliza kulipa, atakuwa na haki ya kumdai mkopaji, na kikundi kitamsaidia."

Na tamko: "Mimi, mdhamini, nimeelezwa kwamba mkopo huu ni shilingi ........ Najitwika kwa hiari yangu dhamana ya kiasi hicho tangu leo."

Mstaafu_Bombo

Safi. Hiyo "tangu leo" usiiondoe. Na mdhamini atie sahihi mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye agonge muhuri.

Nnalongo_Mukono

Na yule mama wa sasa? Kifungu kipya kisimrudie nyuma. Yeye alitia sahihi karatasi isiyo na kiasi.

Katibu_Busia

Hapana, hakitamgusa. Nitapendekeza alipe sehemu atakayokubali mwenyewe, iliyobaki itoke kwenye faida ya kikundi, na mkopaji aendelee kutafutwa kwa ndugu zake. Mzee Mstaafu najua hutapenda.

Mstaafu_Bombo

Sipendi. Lakini mkiandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba ni mara moja tu, sitapinga.