Nani aniogeshe mimi?

Fundi wa Umoja
Hamjambo. Mimi ni fundi cherehani, miaka 61. Februari nilipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Kula najilisha kwa kushoto, chooni naenda nikishika ukuta. Kazi ni kuoga. Mke wangu alishafariki, naishi kwa mwanangu, ghorofa ya tatu. Yeye ni dereva wa matatu, anatoka saa kumi alfajiri. Anayebaki ni mkewe. Juzi alinitilia maji kwenye karai, akasimama mlangoni: "Baba, nikusaidie?" Nikasema nimeshaoga. Uongo mtupu, na pua yake ilijua. Mkaza mwana anisugue mgongo? Kwetu hata kiti changu hakalii!

Sasa kijana anayetuletea mitungi kwa mkokoteni mifereji ikikauka anasema alimuogesha babu yake miaka miwili. Anataka shilingi mia kila mara. Lakini nilimshonea sare za shule huyu. Ndiye anivue shati?

Mama Mapacha
Pole, mzee wangu. Tafuta stuli ya plastiki, ile pana, uoge umekaa. Maji uyapime kwa mkono wa kushoto. Mama yangu aliungua mguu ule mgonjwa asihisi kitu. Kuvaa, mkono mgonjwa uingie kwanza. Kuvua, utoke mwisho. Na huyo kijana asikuinue kwa kuuvuta mkono uliolegea, bega litateguka.

Mkongojo
Mimi nilikataa kusaidiwa. Nikateleza bafuni, nyonga ikavunjika. Walionibeba ni wanaume wanne wa ploti, nami uchi wa mnyama. Bora huyo mmoja, mzee.

Jirani wa Donholm
Mwambie mwanao kwanza, asije akasikia kwa mlinzi wa geti.

Fundi wa Umoja
Mwanangu amekubali, hata mia anatoa yeye. Kijana alikuja leo saa nne. Nilibaki na kaptura, huko kwingine nikajisugua mwenyewe. Yeye mgongo na miguu, huku akisimulia Gor Mahia mwanzo mwisho bila kunitazama. Nilichoshindwa kuvumilia ni vifungo. Miaka 38 natoboa matundu ya vifungo, leo nafungiwa kama mtoto wa chekechea! Kesho mkaza mwana atakaa kwenye cherehani nimwelekeze. Tunang'oa vifungo vyote, tunatia velkro. Tutaanza na lile shati la buluu la kanisani.