Annexe 3 bado, na Mama anataka kuiona Grand-Place

Ndugu zangu, Mama amefika Brussels kutoka Bukavu kwa viza C, ile ya ziara fupi, naye analala kwangu. Komini, yaani ofisi ya manispaa, inanipa randevu ya mwezi ujao ya Annexe 3, lile tangazo la kufika, ilhali sheria inataka mgeni ajitambulishe ndani ya siku tatu za kazi, na afisa amekataa kutuandikia hata karatasi ya kuthibitisha kwamba tuliomba. Mama ana hamu kubwa ya kuiona Grand-Place, uwanja mkuu wa kale wa jiji. Je, polisi wakituuliza hapo, pasipoti yenye muhuri wa kuingilia inatosha?
— Anderlecht

Dada, ulibeba fomu ya 3bis? Mdogo wangu alipokuja kutoka Goma, tulidaiwa 3bis, bima ya euro 30,000 na karatasi zangu za mshahara za miezi mitatu.
— Liège

Kaka wa Liège, tafadhali tusimchanganye Dada. 3bis ni ahadi ya mwenyeji ya kumgharimia mgeni, na hushughulikiwa kabla ya viza kutolewa. Annexe 3 ni tangazo la kufika, ambalo mgeni wa hoteli halihitaji.

Grand-Place nendeni asubuhi, kabla watalii hawajajaa. Mama atazame mnara wa jumba la jiji, wenye mita 96 na sanamu ya Malaika Mikaeli kileleni, kisha nyumba za vyama vya waoka mikate, wapika bia na mabaharia. Mizinga ya Wafaransa iliuteketeza uwanja huo Agosti 1695, mnara ukabaki umesimama, na vyama hivyo vikajenga upya kwa mawe katika miaka michache tu. Kila nikiziona kuta zile nawakumbuka watu wetu wa Goma, waliojenga juu ya mawe yaleyale ya volkano ya Nyiragongo yaliyowachomea nyumba mwaka 2002, wala hakuna aliyezipaka kuta zao dhahabu kama hizi.
— Namur

Namur umesema vema, lakini sikubali mzee aliyezaliwa chini ya utawala wa Ubelgiji aonyeshwe uwanja mmoja aachwe mwingine. Kutoka Grand-Place pandeni Sablon hadi Porte de Namur, penye Square Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018 mlangoni mwa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, baada ya wazee wetu kuudai kwa miaka mingi. Njiani mtalipita Jumba la Egmont. Lamoral wa Egmont, kabaila wa nchi hii, alikatwa kichwa Grand-Place tarehe 5 Juni 1568 kwa amri ya utawala wa Hispania, na leo jina lake limo katika jumba la serikali. Humo ndimo familia ya Lumumba ilimokabidhiwa jino la marehemu, mabaki pekee ya mwili wake, tarehe 20 Juni 2022, baada ya miaka 61 ya kusubiri tangu auawe. Mama aelezwe hayo yote palepale, kwa Kiswahili.
— Ixelles

Ndugu wa Namur, sikuchanganya kitu. Karatasi hizo nilidaiwa dirishani baada ya mdogo wangu kufika, viza ikiwa tayari mkononi. Kila komini ina desturi zake, kwa hiyo Dada azibebe zote.
— Liège