Pikipiki zivuke Amu au ziishie Mokowe? Mie mwenye pikipiki nasema ziishie Mokowe

Mleta mada, Malindi:

Assalam aleikum. Najua hoja hii, kama pikipiki zivushwe mpaka kisiwa cha Amu (Lamu) au ziishie jeti ya Mokowe huku bara, imeshachosha watu barazani, ila nimeirudia kwa sababu safari hii nimeifikia mimi mwenyewe, na helmeti mkononi.

Nilitoka Wundanyi, milima ya Taita, peke yangu. Kuteremka mpaka Mwatate ni kona juu ya kona. Ukikazania breki zitachemka, kwa hiyo unaiacha kwenye gia ya pili, injini yenyewe ikuzuie. Kilele cha huko, Vuria, ni mita 2,208. Huko juu nilivaa jaketi mbili. Kufika Voi nimezivua zote nimezifunga kwenye keria. Njia fupi ya kuja Malindi ingekuwa kukata Tsavo mpaka lango la Sala, lakini pikipiki haziruhusiwi mbugani (na simba, kusema kweli, hajui tofauti ya mtalii na chakula). Nikazunguka Mariakani, Kaloleni, nikatokea Mavueni, nikalala nyumbani.

Alfajiri yake Sabaki, Gongoni, Garsen. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akanitazama: "Peke yako?" Nikaambiwa ningoje mabasi niende nayo. Sikubisha. Mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 hatujayasahau, wala basi lililoshambuliwa Nyongoro Januari 2020. Lami ni nzuri, lakini lami haikulindi.

Jetini Mokowe vijana wawili wakanishika, kila mmoja na lake. Wa kwanza: "Tuipakie, utashuka nayo Amu." Wa pili: "Iache hapa, yuko mlinzi." Nikaiacha. Naeleza kwa nini.

Wengi wakitetea Mji Mkongwe wa Amu hukimbilia UNESCO, kwamba uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 na tutakuja kuondolewa. Hoja hiyo hainigusi sana. Mimi nilitembea Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, nyuma ya punda aliyebeba mchanga. Watu walibana ukutani, punda akapita, wakaendelea na mazungumzo yao. Hatua chache baadaye ikaja bodaboda. Kwenye kuta zile za mawe mlio unagonga huku na kule, hujui unatoka nyuma au kwenye kichochoro cha kushoto. Mtoto alikimbilia upande usiofaa. Na mzee mmoja aliyekaa barazani akavuta miguu yake juu, polepole, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Ni hiyo miguu iliyoniuma. Mji ule umepimwa kwa mtu na punda. Baraza iko pale ili ukae miguu ikiwa njiani. Mimi napenda pikipiki kuliko wengi wenu, na sioni pa kuipitisha.

Mchangiaji, Matondoni:

Kaka, umekaa siku mbili umerudi kwenu kwenye barabara. Mimi naishi Matondoni, kijiji cha hapa hapa kisiwani. Mke wangu alishikwa na uchungu usiku, maji ya bahari yamekupwa, boti imelala kwenye matope. Ungeniambia nimpandishe punda? Bodaboda ndiyo iliyomfikisha hospitali ya King Fahd, kwenye mchanga, kijana anaishindilia gia ya kwanza mpaka tunasikia harufu ya klachi. Mtoto anatembea sasa. Wa Kipungani watakwambia hayo hayo, tena kwao ni mbali zaidi. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia, sawa. Na sisi wa vijijini ni urithi wa nani?

Mchangiaji mwingine:

Punda naye anapiga teke na kuchafua njia, mbona hamjampiga marufuku?

Mchangiaji, Langoni:

Wanangu, mjukuu wangu mmoja anaendesha hizo bodaboda. Kabla yake alikuwa akilala mpaka adhuhuri, akiamka ananiuliza kuna chai. Sasa yeye ndiye anayeleta sukari. Mie nataka ale, na nataka nikae barazani kwangu bila kuvuta miguu. Nimwambieje? Tangazo la kuzipiga marufuku lilishatolewa na serikali ya kaunti. Zilijificha kidogo, zikarudi. Askari akitokea huku, wao wanapitia kule. Msinieleze sheria, nielezeni kijana ataegesha wapi.

Mleta mada:

Wa Matondoni, hapo umenishika na sina la kubisha. Kichwa cha habari nimekiandika kwa hasira ya Usita wa Mui, nikasahau kwamba kisiwa si mji peke yake. Nakirekebisha: yangu na za wageni wenzangu ziishie Mokowe, hatuna dharura sisi, tumekuja kutembea. Zenu za Matondoni na Kipungani zije mpaka nyuma ya mji na zisimame hapo. Hospitali iko pembeni, mgonjwa hahitaji kupitishwa katikati ya Mji Mkongwe ili aifikie. Kituo cha bodaboda kiwe huko nyuma, na mjukuu wa bibi wa Langoni apate kazi yake huko.

Ndugu wa teke la punda: punda akikukanyaga utaumia mguu tu. Na punda wa Amu wana zahanati yao tangu miaka ya themanini, ilhali mzazi wa Matondoni anakimbizwa kwa bodaboda usiku. Mnaona wenyewe tatizo liko wapi.

Mchangiaji, Langoni:

Nyuma ya mji jua kali, hakuna hata mwarobaini. Abiria atatoka huko na gunia la unga kichwani mpaka mtaa wa Mkomani?

Mleta mada:

Kwa punda, bibi. Bodaboda mpaka kituoni, punda kutoka hapo. Wenye punda nao wamelia sana tangu pikipiki ziingie.

Mchangiaji, Matondoni:

Kwa hiyo nilipe mara mbili. Sikatai, ila semeni bei kwanza, msije mkanipangia punda kwa nauli ya bodaboda. Mjenge na kibanda chenye kivuli hapo nyuma, na usiku wa manane taa iwake. Nikiviona hivyo viwili, mie mwenyewe nitamshusha mke wangu hapo.