Makunyanzi upande mmoja wa uso

Wakuu, mshua wangu dereva wa lori miaka mingi, naona shavu la kulia limejaa makunyanzi kuliko la kushoto, shida nini?

— Ni jua hilo mkuu. Kioo cha dirisha la pembeni kinazuia miale ya jua ya UVB inayounguza ila ile ya UVA inapita, inazama ndani ya ngozi inavunja kolajeni na elastini, protini zinazokaza ngozi, ndo ngozi inalegea. 2012 jarida la kitabibu Marekani lilitoa picha ya dereva wa miaka 69, kaendesha lori miaka 28, kushoto kumechakaa vibaya, kule usukani uko kushoto.

— Na melanini yetu, ile rangi nyeusi ya ngozi, inasaidia ila haizuii yote jamani, apake sanskrini, krimu ya kukinga jua. Anavuta sigara? Nayo inamaliza kolajeni.

— Anavuta, ntamwambia leo leo.